Mtungi kutoka Dar

Jana usiku gesi imekata maharage yakiwa nusu kuiva. Anayepikia mtungi anaujua ule mwali: unaanza kuwa mwekundu, unakohoa, kisha kimya. Nikautikisa, nikaulaza ubavu (najua haifai, watu wa zimamoto wapite mbali), ukanipa dakika tano za huruma. Halafu basi. Mama akacheka kutoka barazani: "Si nilikwambia uyabandike kwenye mkaa?"

Asubuhi nikamtuma kijana wa bodaboda aniletee mwingine. Kaja kaufunga mpira nyuma ya pikipiki, na kofia ngumu kaivalisha mtungi. Kichwa chake wazi.

"We, mbona mtungi ndo umevaa helmeti?"

"Joto, dada. Halafu mtungi ndio wenye hela."

Sheria ya helmeti naiunga mkono kwa mikono miwili, ila ukiiangalia Mtwara saa sita mchana unaelewa kwa nini helmeti inaishia kwenye usukani.

Sasa, umwambie mgeni kwamba Mtwara tunasubiri gesi ije na lori kutoka Dar es Salaam, atadhani unamfanyia mzaha. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kule Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay hapa kwetu mwaka 1982. Mwaka 2013 watu wa mji huu waliingia barabarani kulipinga bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar, na siku zile sitaki kuzifukua leo. Bomba likajengwa, likazinduliwa mwaka 2015, kutoka Madimba hapa Mtwara hadi Dar, na pamoja na matawi yake ni zaidi ya kilomita 500.

Miaka mingi nilidhani mtungini mwangu mna gesi ya Mnazi Bay iliyokwenda Dar kufungashwa na kurudi. Shemeji yangu, fundi wa mabomba, ndiye aliyenitoa ushamba. Ya mtungini ni propani na butani, inaingia nchini kwa meli. Hiyo ukiibana kidogo inakuwa maji, ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani. Yetu ni methani. Huwezi kuifanya maji kwa kuibana tu kwenye joto letu hili, mpaka uipoze hadi nyuzi 160 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo inataka bomba. Gesi yetu inapanda kwenda Dar kwa bomba, gesi ya wenzetu inashuka kwa lori, na nadhani zinapishana Somanga, kule Kilwa, bila hata kupeana salamu.

Na hapohapo Somanga ndipo shingo yetu ilipo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipoikata barabara ya Kilwa, njia yetu ya Dar, duka ninalonunulia lilibaki na mitungi mitupu mlangoni. Nilirudi kwenye mkaa kimyakimya, na Mama hakusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sina ugomvi nayo. Kikohozi cha Mama nimekizoea kama saa ya ukutani, na najua kimetoka jikoni. Ila kwa Mtwara na Lindi mimi ningeanza na mabomba ya mitaani, sio kugawa mitungi. Zipo nyumba mjini hapa zimeshaunganishwa. Niliingia moja: mita ukutani, koki inafunguliwa kama ya maji, chai ikachemka. Nilimwonea mwenyewe wivu kuliko kama angenunua gari.

Barabara hiyo ya Kilwa niliipita mwezi uliopita kwa basi. Dereva akizidi 80, kidude kinalia pii, pii, pii. Abiria wa nyuma wakakitukana mpaka Nangurukuru, eti kinatuchelewesha. Mimi nikajifunika kitenge nikalala. Miaka ya nyuma njia hiyo nilikuwa nikiipita macho kodo, nimeshika kiti cha mbele.

 

Maharage yameiva saa nne, kwenye mkaa. Mama alishayabandika kabla pikipiki haijafika. Mtungi mpya uko pembeni, haujafunguliwa, na sasa hivi nasikia honi nje: kijana kasahau helmeti yake juu ya mtungi.