Lari, nikiwa na shosho

Kwa miaka mitatu nilimsihi shosho anipeleke Lari, huku huku Kiambu, alikozaliwa, na kila mara jibu lilikuwa moja: "Ya Lari yamelala, mjukuu wangu. Usiyaamshe." Mwezi uliopita, siku mbili baada ya kumzika dada yake mkubwa, alinipigia simu mwenyewe. "Njoo Jumamosi. Uje na hiyo simu yako ya kurekodi."

Wengi wetu tunaoishi Kiambu tunaifanya mahali pa kulala tu. Asubuhi kazini Nairobi, jioni foleni, usiku kitanda cha Kinoo au Ruaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.4 katika kaunti hii, na wanaendelea kuja. Kahawa inang'olewa, ploti zinakatwa, na wanaojua nini kilikuwa wapi wanazikwa mmoja mmoja. Ndiyo maana nilikuwa na haraka.

Tulianzia Thogoto, ambako wamishonari wa Kiskoti walifika 1898 na kuliachia eneo jina lao, lililolainishwa na ndimi za Wagĩkũyũ. Kanisa lao la mawe, lililofunguliwa 1933, limetunzwa vizuri. Shosho aliligusa ukuta, akasali kidogo, akasema twende.

Kamirithu, karibu na mji wa Limuru, tulikaa zaidi. Kijiji hiki kilianza kama kijiji cha Hali ya Hatari, ile ya mkoloni dhidi ya Mau Mau miaka ya 1950, watu walipoondolewa makwao na kurundikwa pamoja. Mwaka 1977 wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa maigizo kwa mikono yao, wakaigiza maisha yao kwa Kigĩkũyũ. Serikali ililipiga marufuku igizo lao mwaka huohuo, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Leo pana chuo cha ufundi. Nilimuuliza shosho jukwaa lilikuwa wapi. Hakujibu. Alihesabu hatua toka njiani, akageuka kushoto, akapiga mguu chini. "Hapa. Mimi nilikaa pale, mama yako mgongoni." Nikapiga picha ya nyasi.

Kimende, huko Lari, tulipokelewa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Chai ya kibandani ilitusaidia. Tukashika njia ya vumbi, na shosho akaanza kusimulia kabla sijawasha simu.

Chanzo cha mauaji ya Lari ni ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilitaka familia za Kiafrika zitoke Tigoni, kwenye ardhi nzuri iliyozungukwa na walowezi. Waliokubali, pamoja na Chifu Luka wa Kahangara, wakapewa mashamba Lari. Waliokataa wakafukuzwa, na wenye madai ya zamani juu ya ardhi hiyo ya Lari wakaona imegawiwa wengine. Kinyongo hicho kilikaa zaidi ya miaka kumi. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walizivamia nyumba za chifu na za ngati, wale walinzi waliosimama na serikali. Watu zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Usiku huohuo na siku zilizofuata ngati na askari wakalipiza, wakaua wengi zaidi. Baadaye, baada ya kesi, watu 71 walinyongwa.

Shosho alikuwa na miaka minane. Milango ilifungwa kwa nyaya toka nje, kisha nyumba zikamwagiwa mafuta na kuchomwa. Hapo nilielewa jambo nililoliona maisha yangu yote bila kuuliza: lango la boma lake limefungwa kwa kamba ya katani, na kamba ikioza anasuka nyingine. Waya hauingii kwake.

Kimende kuna jumba dogo la makumbusho ya amani, lililoanzishwa na wazee wa pande zote mbili, Mau Mau wa zamani na ngati wa zamani. Kwangu hakuna mahali pa maana zaidi katika kaunti nzima, kwa sababu hapo kisa hakina mwenyewe mmoja. Tulimkuta mzee mmoja akiota jua lililochelewa. Baba yake alichukuliwa katika zile siku za kulipiza, hakurudi. Baba yake shosho alikuwa ngati.

Walisalimiana kwa heshima, wakatajiana koo. Kisha kimya kirefu. Nilidhani tumemaliza.

"Kulikuwa na mvua usiku ule," mzee akasema.

"Hapana, baba. Mwezi ulikuwa unawaka. Niliona mikono yangu."

"Mvua ilikuwa. Mama alinifunika kwa gunia."

Niliweka simu mezani katikati yao, nikasogea kando. Waliendelea hadi giza likaanza kuingia, na kondakta wa matatu ya mwisho akawa anatuita.

"Jumamosi ijayo," shosho akamwambia mzee akiinuka, "nitakuja na majina."