Jinsi nilivyowapitisha vijana wa Kamalondo katika michezo ya video iliyoanzisha aina zake

Vijana wengi wanaofika kwenye karakana yangu ya kutengeneza kompyuta, katika komuni ya Kamalondo hapa Lubumbashi, wanaijua michezo ya video kwa njia mbili tu: kandanda ya PlayStation inayochezwa kwa kulipia katika vyumba vya mtaani, na michezo ya bunduki ya kwenye simu. Wanaicheza kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, nilipowauliza kwa nini mchezo wa bunduki humwonyesha mchezaji mikono na silaha yake tu, badala ya kumwonyesha mpiganaji mzima, hakuna aliyejibu, kwa kuwa hawakuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lilibuniwa na watu, katika mwaka fulani, kwa sababu fulani. Baadhi yao wanatamani kutengeneza michezo yao wenyewe. Niliona ni vigumu mtu kubuni kipya asipojua alichorithi, nikaamua kuwapitisha katika michezo iliyoweka misingi, nao waicheze kwa mikono yao kuliko kusimuliwa.

Nilikuwa na kompyuta za mezani zilizotolewa na ofisi moja ilipobadilisha vifaa vyake, na hakuna hata moja kati yake iliyoweza kuendesha mchezo wa miaka ya karibuni. Kwa kazi hii udhaifu huo haukuwa na madhara yoyote. Doom, mchezo wa bunduki uliotoka Desemba 1993, uliandikwa kwa ajili ya mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, kiasi ambacho simu ya bei ya chini kabisa sokoni leo inakizidi mara nyingi. Niliziwekea Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, nikajipa sharti moja: kila mchezo tutakaoucheza uwe nakala iliyoruhusiwa na wenyewe. Kijana anayetarajia kuuza kazi yake kesho hafai kuanza kwa kuchukua ya mwenzake bila ruhusa. Sharti hilo ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, kwani ilinibidi kutafuta kimoja kimoja na kupakua usiku, wakati mega za intaneti zinapokuwa nafuu.

Kuhusu uteuzi, sikufuata mauzo wala tarehe peke yake. Nilijiuliza kama mchezo uliacha kanuni ambayo ukiiondoa katika michezo iliyofuata, inageuka kuwa michezo ya aina nyingine. Kwa kipimo hicho, Wolfenstein 3D ya 1992, iliyotengenezwa na id Software, kampuni ileile iliyotengeneza Doom, ilitangulia, lakini Doom ndiyo iliyoshika nafasi, na kwa miaka kadhaa baadaye michezo ya namna hiyo iliitwa tu miigo ya Doom.

Tulianza na Rogue ya mwaka 1980, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman walipokuwa wanafunzi huko California. Haina picha. Mchezaji ni alama ya @ inayotembea kwenye skrini, kuta ni mistari, na kila adui ni herufi kubwa, kuanzia A hadi Z. Vijana waliitazama kwa mashaka, lakini mashaka hayo yaliisha mara tu wa kwanza alipouawa. Alitaka kurudi pale alipokuwa amehifadhi mchezo, akakuta hakuna pa kurudi: katika Rogue kifo ni kifo, na ukianza upya, vyumba na njia zote hupangwa tena kwa namna nyingine. Niliwaeleza kwamba watengenezaji walichoshwa na michezo ya visa vya maandishi ya wakati wao, ambayo ukishaifumbua mara moja huwa imekwisha, wakataka mchezo utakaoweza kuwashangaza hata wao walioutunga. Kutokana na kanuni hizo mbili, ramani inayozaliwa upya na kifo kisichorudishwa, limetoka kundi zima la michezo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina la Rogue. Binafsi naona hakuna mwalimu bora wa ubunifu kuliko mchezo huu, kwa sababu hauna uzuri wowote wa macho wa kuficha kanuni zake.

Somo la Pac-Man, mchezo wa kukimbia vizuka katika njia nyembamba, lilifanyika bila kompyuta. Siku hiyo delestaji ilitukuta mchana, umeme ukakatika kabla hatujaanza, na vijana walikuwa tayari wamekaa. Nilichukua chaki, nikachora njia za miraba kwenye saruji ya parseli yetu, mmoja akawa Pac-Man na wengine wanne wakawa vizuka. Toru Iwatani na wenzake wa kampuni ya Namco, waliotengeneza mchezo huo mwaka 1980, hawakuvipa vizuka hivyo mwendo mmoja. Chekundu hulenga mraba alipo Pac-Man. Cha waridi hulenga miraba minne mbele yake, ili kumzuia anakoelekea. Cha rangi ya chungwa humfuata akiwa mbali, lakini kikifika ndani ya umbali wa miraba minane hugeuka na kwenda kwenye kona yake. Cha samawati ndicho kigumu: huchukua sehemu iliyo miraba miwili mbele ya Pac-Man, hupima mstari kutoka kwa chekundu hadi hapo, kisha huurefusha mara mbili, na mwisho wa mstari huo ndio unaolengwa. Kila kijana alipewa kanuni yake na kukatazwa kabisa kuongeza akili yake, wala kugeuka nyuma ghafla. Aliyekuwa Pac-Man alinaswa haraka, akasisitiza kwamba wenzake walikuwa wamepanga njama. Hakuna aliyekuwa amepanga lolote. Walikuwa wametii kanuni nne tofauti, na njama ikajitokeza yenyewe kati yao. Tulirudia mchezo huo hadi jua lilipopungua, na tangu hapo wamekuwa wakiuliza, kwa kila adui wa mchezo wowote, analenga nini hasa.

Tetris nayo, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka, niliifundisha kwa makasha yaliyokatwa. Alexey Pajitnov, aliyeiunda Moscow katikati ya miaka ya 1980 kwenye kompyuta ya Elektronika 60 isiyoweza kuchora picha, alipenda fumbo la vipande vya miraba mitano, ambavyo ni 12. Alipunguza hadi miraba minne, na vipande vikabaki 7. Tulikata seti zote mbili, na kila aliyejaribu kuzipanga kwa haraka aliona mwenyewe sababu.

Doom ndiyo iliyotuchukua muda mwingi kuliko mingine yote. Sehemu yake ya kwanza ilitolewa bure tangu mwanzo, watu wakiruhusiwa kunakiliana, na programu yenyewe ilifunguliwa kwa umma mwaka 1997. Zaidi ya hayo, kuna Freedoom, mradi wa kujitolea uliochora upya picha, sauti na ramani zote ili mtu aweze kucheza na kurekebisha bila kugusa mali ya mwingine. John Carmack na wenzake wa id Software walitenganisha injini, yaani programu inayoendesha mchezo, na vitu vinavyobebwa ndani yake: ramani, sauti na picha hukaa katika faili za pembeni, hivyo mtu yeyote anaweza kuunda ramani mpya bila kujua jinsi injini inavyofanya kazi. Kwa maoni yangu uamuzi huo una uzito sawa na ule wa kumwonyesha mchezaji ulimwengu kupitia macho ya mhusika, kwa sababu uliwageuza wachezaji wengi kuwa watengenezaji.

Kwa hiyo niliwapa kazi ya kuchora mahali wanapopajua. Mmoja alichora njia za kuelekea sokoni, mwingine ua wa kanisa, na wa tatu, mwenye bidii kuliko wote, akaichora nyumba ya mjomba wake yenye ghorofa. Alihangaika sana, kisha akaniita: «Yaya, etaji inakatala,» yaani ghorofa inakataa. Alikuwa amefika kwenye mpaka halisi wa injini. Ramani ya Doom huchorwa kama inavyoonekana kutoka juu, na kila eneo lina sakafu moja na dari moja tu. Unaweza kuinua sakafu, kuchimba shimo au kuweka ngazi, lakini huwezi kuweka chumba juu ya chumba. Mimi sikumwambia mapema, kwani nilitaka aukute mpaka huo mwenyewe. Aliipanga nyumba upya, vyumba vya juu akaviweka pembeni kwenye sakafu iliyoinuliwa, na alipoicheza, macho yalikubali kwamba amepanda. Baada ya hapo tulizirudia ramani za asili tukitafuta hila za namna hiyo, tukazikuta kila mahali.

Kwa Street Fighter II ya 1991 sikupata njia ya halali ya kuicheza, nikaisimulia kwa kifupi: kwamba mfululizo wa mapigo yasiyozuilika, ambao leo ni uti wa mgongo wa michezo ya ngumi, ulijitokeza bila kupangwa, na watengenezaji wa Capcom wakaamua kuuacha.

SimCity, mchezo wa kujenga mji, ilikuwa rahisi, kwa kuwa programu yake ya awali ilifunguliwa mwaka 2008 kwa jina la Micropolis. Will Wright, alipokuwa akitengeneza mchezo wa kulipua visiwa kwa helikopta, aligundua kwamba anafurahia zaidi kuvijenga, na hapo ndipo SimCity ya 1989 ilipotoka. Mtoto wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kwa nini eneo lisilofikiwa na nyaya za umeme halikui. Kijana aliyeweka kiwanda katikati ya makazi alipoona thamani ya ardhi inashuka, wenzake walimtajia mara moja bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines linaloonekana kutoka pande nyingi za mji wetu, mabishano yakaendelea kwa muda mrefu kuhusu upande ambao upepo huvuma.

Sasa tumefika kwenye mkakati wa papo kwa papo. Dune II ya 1992 ndiyo iliyokusanya kuvuna, kujenga na kupigana katika mchezo mmoja usiosubiri zamu, lakini ndani yake huamuru askari mmoja mmoja. Command & Conquer ya 1995, ya kampuni ileile ya Westwood, ilimruhusu mchezaji kuvuta kisanduku kwa kipanya na kuamuru kundi zima, na tangu 2007 imeruhusiwa kupakuliwa bure. Nimeshaijaribu kwenye mashine mbili, inafanya kazi vizuri. Ninachosubiri ni nyaya za kuziunganisha, ili vijana wapambane wao kwa wao, kisha wapambane tena wakiwa wamekatazwa kutumia kisanduku.