Simu niliyoibiwa San-Pédro

Nauza dagaa sokoni Mwanga, Kigoma. Kalemie na Uvira, kule Kongo, nimekwenda mara nyingi kuliko Dar, kwa hiyo Taifa Stars walipokwenda AFCON kule Côte d'Ivoire, Januari 2024, sikuona ajabu kufunga safari. Sindano ya homa ya manjano nilikuwa nayo zamani kwa sababu ya Kongo. Kaka yangu hakuwa nayo. Nikamsumbua achome mapema, maana kile cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukichoma jana ukaruka leo, utabishana na watu wa uwanja wa ndege, tena kwa Kifaransa.

Pesa niligawa kama ninavyofanya nikipanda boti: za matumizi kwenye mkoba, za akiba kwenye kibindo. Laini yangu yenye pesa za biashara nilimwachia mdogo wangu Ujiji. Walinicheka sana. Nilipofika Abidjan nikanunua laini ya huko, basi.

San-Pédro, mji Stars walikochezea mechi mbili za kwanza, tulikuwa tunawahi uwanjani masaa matatu kabla ya mpira. Ya uwanja wa Olembe, Yaoundé, Cameroon, sikuyasahau: Januari 2022 watu 8 walikufa wakikanyagana getini. Tukakubaliana pia kwamba tukipotezana, hakuna kuitana majina mbele ya wageni. Tutaitana "Mwakeye!" Jezi za Stars zilikuwa nyingi, lakini salamu ya Kiha Muha huijibu hata akiwa usingizini.

Mechi ya Zambia, tarehe 21, ndiyo iliyoniponza. Msuva alifunga dakika ya 11. Zambia wakabaki 10 kabla ya mapumziko, nikaanza kuhesabu pointi tatu mkononi. Dakika ya 88 Patson Daka akaruka kichwa, 1-1. Nikashika kichwa kwa mikono miwili, mkoba ukabaki unaning'inia. Kuja kutulia, zipu iko wazi na simu haipo.

Na kaka naye alikuwa ameteremka kutafuta maji! Machozi yalinitoka, sifichi. Halafu nikapapasa kibindo. Pesa zipo, nakala ya pasipoti ipo, na kile kikaratasi nilichoandika kwa kalamu namba ya kaka na ya nyumba ya wageni kipo. Nikasimama pale pale tulipokuwa tumekaa, nikapaza sauti: Mwakeye! Mara ya tatu nikajibiwa. Tukasubiri msongamano upungue, tukaondoka na dereva yule yule wa asubuhi, bei tulishapatana. Kwa simu ya kaka nikampigia mdogo wangu. Hata shilingi haikuguswa.

Mechi ya tatu, na Kongo, ilikuwa Korhogo, kaskazini kabisa, mpira wenyewe saa mbili usiku. Kaka alitaka tupande basi la usiku. Nikakataa, akaninunia siku nzima. Barabara nisiyoijua, usiku, na simu moja kati ya watu wawili? Hapana.

Tukaangalia kwenye televisheni Abidjan, meza moja na Wakongo. Pembeni yangu alikaa mama wa Kalemie, Kiswahili chake kimenyooka. Ikaisha 0-0. Sisi tukatoka na pointi 2, wao wakapita kwa sare tatu, bila kushinda hata mechi moja. Yule mama alipomaliza kucheza kwa furaha akaniagizia soda.

"Pole, dada," akasema. "Sasa dagaa unaleta siku gani?"