Vile nilivyoamua triga zilizosahaulika mwisho wa zamu, na watu wakakubali

Nimechoka kusikia ati jaji wa Magic, ule mchezo wa kadi, mchezaji akisahau triga, yaani athari ya kadi inayojitokeza yenyewe wakati wake ukifika, kazi yake ni kusema tu "umesahau, imepita, endelea." Ushauri huo nilipewa na watu kadhaa kabla sijasimamia mashindano yetu hapa Tudor, na lau ningeufuata siku ile kungewaka moto.

Tulikodi ukumbi wa ghorofani, feni mbili tu na joto la Mombasa mwalijua wenyewe, plastiki za kadi zashikana mpaka kuchanganya deki ni shughuli. Kiingilio mia tatu hivi. Kadi za kuprinti saiba tuliruhusu kwa vile yetu si mashindano rasmi, kwenye rasmi hazikubaliki. Lakini kwa sheria nilisema mapema, leo tunafuata za ushindani kamili, ule mwongozo wa majaji unaoitwa Infraction Procedure Guide, nilikuwa nao kwenye simu.

Kesi ya kwanza: kijana ana kadi ya Sneak Attack, kalipa mana (nguvu ya kuchezea kadi) moja nyekundu, kamtoa kiumbe Griselbrand mkononi, kashambulia, maisha ya mwenzake yakatoka 20 hadi 13. Sasa Sneak Attack inasema wazi, kiumbe huyo atolewe kafara hatua ya mwisho ya zamu ikianza. Kijana akasema "zamu yako" na Griselbrand kabaki pale pale mezani. Mwenzake kanyoosha lendi zake, yaani kadi zinazotoa mana kazirudisha wima zitumike tena, kavuta kadi, kaweka lendi, ndo kashtuka, "we, huyu mbona bado yuko?" Nikaitwa.

Kijana akaniambia, "Jaji, yeye mwenyewe hakusema kitu na ashavuta kadi, triga imekufa hiyo." Na waliosimama pembeni wote wakamuunga mkono, manake ndivyo walivyofundishana. Nikawaambia hapana. Kadi ikikuletea kiumbe mezani kwa sharti aondoke baadaye, hiyo triga ya kumuondoa ni deni, haifi hata zikipita zamu ngapi. Mpinzani ndiye anachagua, itekelezwe sasa hivi au mwanzo wa fezi (sehemu ya zamu) inayofuata. Akasema sasa hivi, angengoja nini na dude la nguvu 7 na uimara 7 limekaa tayari kumzuia. Kijana akamtoa kafara pale pale, watu wakapiga kelele. Nikampa na onyo, kwa sababu triga inayokuumiza mwenyewe ukiisahau lazima upewe onyo. Inayokufaidi ukiisahau hupewi onyo, hasara yako yatosha.

Kesi ya pili ndiyo niliyoifurahia. Meza ya dirishani, jamaa ana Wilderness Reclamation, ile ya kunyoosha lendi zako zote mwanzo wa hatua yako ya mwisho. Nafika naona lendi zake zote zimelala (zishatumika), mpinzani ashaweka kiumbe, na jamaa anataka azinyooshe ndo apate mana ya kumzuilia. Anasema "alinikimbiza, sikupata hata nafasi ya kuongea." Na hilo si jambo dogo, sheria inamlinda mtu hapo, mpinzani hawezi kuharakisha mchezo makusudi ili triga yako ipotee.

Ukiuliza "ulisahau?" kila mtu atasema hapana, kwa hiyo hilo swali mimi siliulizi. Nilimtoa kila mmoja kando, nikamwambia nieleze zamu ilivyokwisha, nani alisema nini, mkono ulienda wapi. Halafu nikarudi kusoma meza yenyewe. Lendi mpya ya mpinzani iko chini, nyingine zimelala kulipia kiumbe, kadi za mkononi nikahesabu zikalingana na maelezo yake. Yaani kulikuwa na kunyoosha, kuvuta, kuweka lendi, kufikiria, ndo kiumbe. Nikamuuliza mwenye Reclamation, "alipovuta kadi ulimwambia nini?" Akanyamaza, kisha akasema, "nilikuwa namwangalia." Hapo kesi imeisha. Mpinzani nikampa uchaguzi kama triga iende kwenye staki, yaani foleni ya kutekelezwa, au la, akakataa, lendi zikabaki zimelala. Na ingegunduliwa baada ya mzunguko mzima wa zamu hata huo uchaguzi hana, mnaendelea tu.

Wakaanza tena, "mbona ya kule umetekeleza na ya huku umeacha, wapendelea!" Nikatoa simu nikawasomea pale pale, nikamwachia simu aliyekuwa anapiga kelele zaidi asome mwenyewe polepole. Aliporudisha hakusema neno, akaenda kununua madafu.

Na jaji ukipita mezani ukaona mtu kasahau triga ya kumfaidi, nyamaza. Inauma, najua, lakini kumkumbusha ni kucheza kwa niaba yake. Unaingilia tu kama kuna onyo la kutoa au unashuku mtu anasahau makusudi. Watazamaji ndo kabisa, kuna mmoja alianza kunong'ona nikamtoa nje mpaka raundi ikaisha.

Yule kijana wa Griselbrand raundi iliyofuata nilimuona kaweka dadu jekundu juu ya kiumbe aliyemtoa kwa Sneak Attack, na kabla hajasema "zamu yako" analishika kwanza. Mwenye kadi kama hizo afanye vivyo hivyo, dadu ukikosa hata kifuniko cha soda kinatosha.