Nilivyochora mikoko na milima kwenye vipande vya mwembe

Ukiniuliza kazi kubwa ya kuchora mandhari kwenye vipande vya gogo iko wapi, nitakwambia iko kwenye gogo lenyewe. Brashi huja mwishoni.

Mti wangu ulikuwa mwembe uliokatwa uani kwa jirani, Mbagala, kupisha ujenzi wa fremu za maduka. Matawi yalishaondoka kuwa kuni, mimi nikaomba shina. Fundi wa Keko aliyenikatia alishangaa. "Dada, hivi visahani unakwenda kuvifanyia nini? Mbao hupasuliwa kwa urefu!" Nikamwambia nataka unene wa inchi moja, na gome libaki. Akakata, huku akinionya kwamba vitapasuka tu.

Alikuwa na hoja. Gogo bichi likikauka hunywea zaidi kwa kuufuata mzunguko wake kuliko kutoka kiini kwenda nje. Kipande cha duara hujivuta mpaka kinaachia, na ufa hufunguka kutoka kwenye gome kuelekea kiini. Dawa yake ni kukichelewesha kisikauke haraka. Nilipaka pande zote mbili gundi nyeupe ya mbao niliyoizimua kwa maji, nikavipanga chini ya kitanda, katikati vijiti vya kupitisha hewa, juu magazeti. Ilikuwa kipindi cha kusi, hewa kavu kidogo. Masika vingeota ukungu. Vichache vilipasuka hata hivyo, mama akavichukua vya kuwekea sufuria ya moto.

Utajuaje kimekauka? Mangi wa dukani kwetu alishanizoea: nikipita, naweka kipande kilekile kwenye mizani yake ya unga. Uzito ulipoacha kushuka, nikaanza kupiga msasa, namba 80, kisha 120, kisha 220, mpaka kiganja kikateleza.

Mbao iliyokatwa kwa upana imejaa vijitundu vya mishipa ya mti, navyo hufyonza rangi ya maji hadi mstari mwembamba unatawanyika. Wengi hutanguliza rangi nyeupe. Mimi sipendi, maana inaficha mbao, na ukishaificha bora ungenunua hadibodi. Nilipaka vanishi ya maji isiyo na rangi, ikakauka, nikapitisha msasa laini, ndipo nikachora kwa akriliki.

Cha kwanza kilikuwa ufukwe wa Kunduchi maji yakiwa yamekupwa: mikoko mbele, kisiwa cha Mbudya nyuma. Anga sikuipaka kabisa. Mwembe una michirizi ya kahawia na manjano, na ukiiacha ilale sambamba na mstari wa bahari, jioni imeshachorwa bila wewe. Nilipaka maji, kisiwa, na mizizi ya mikoko kwa brashi nyembamba kuliko zote.

Milima ya Uluguru niliichora kwa kutazama picha nilizopiga dirishani mwa treni ya kwenda Morogoro. Hapo nilianza na mlima wa mbali, nyeupe nyingi na bluu kidogo, nikawa naongeza rangi kadiri ninavyosogea mbele, kwa sababu hewa hufifisha vya mbali. Kijani cha bluu na njano peke yake kinapiga kelele. Tone la nyekundu linakituliza kikafanana na majani ya kweli. Na joto la Dar hukausha akriliki ukiwa bado unafikiri, kwa hiyo kitambaa chenye unyevu kinakaa muda wote chini ya rangi ambazo bado sijazipaka.

Nilipopeleka vipande soko la vinyago la Mwenge kuuza, swali lilikuwa moja: "Mbona hakuna tembo?" Mjini hapa picha ya kuchorwa kwenye ubao ni tingatinga, michoro ya wanyama kama tembo, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kutumia rangi ya mafuta kwenye hadibodi miaka ya 1960. Mzee mmoja mchonga vinyago akageuza kipande changu, akakigonga kwa kucha. "Kimekauka hiki," akasema, akaniuliza bei. Nikamtajia, akacheka, tukashushana, akachukua cha mikoko.