Redio, Bayi, Kamanda na Mhujumu

Kundi letu la WhatsApp la waliomaliza kidato cha nne mwaka 1983 halina kazi maalumu. Asubuhi watu hutumiana maua na mistari ya kutia moyo, mchana siasa, usiku ndipo mambo hukolea. Juzi kuna aliyeuliza nani hasa alimbatiza mwenzetu mmoja wa bweni jina la Kamanda, na usingizi ukakatika kwa wazee karibu wote. Nimeona niandike mawili matatu kabla hatujaanza kubishana upya. Majina ya kweli nayaacha. Wengine sasa ni mababu wenye heshima zao, na mmoja ni mzee wa kanisa.

Tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1980, shule ya bweni ya wavulana, Bukoba. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Mwalimu Nyerere alikuwa ametuambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikaja ikapita, mkanda ukabaki tundu lile lile. Ukisoma yanayoandikwa kuhusu miaka hiyo utakutana na foleni, maduka ya serikali ya RTC, unga wa njano na sabuni ya kuandikisha majina. Kweli tupu. Ila utadhani nchi nzima haikucheka hata siku moja, wakati bweni letu lilicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kutunyamazisha na tochi isiyowaka, maana betri nazo zilikuwa hadithi.

Aliyechekesha zaidi ni Redio. Mfupi, masikio makubwa, na sauti ambayo sijui aliiweka wapi katika kifua kile. Alizikariri taarifa za vifo za Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia ala za mwanzo, ambazo alizipiga kwa mdomo. Siku uji ulipokuja mweupe usio na kitu, alisimama juu ya benchi pale bwaloni:

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Bibi Sukari, kilichotokea huko Kyaka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Maziko yamefanyika leo asubuhi ndani ya uji. Habari ziwafikie Ndugu Kilombero na Ndugu Mtibwa wa Morogoro, na Ndugu TPC wa Moshi, popote walipo."

Tulicheka mpaka uji ukapoa. Wengi hatukuwaza kwamba msiba wenyewe ulikuwa wa kweli: kama wale ndugu wa Morogoro na Moshi, Kagera nayo ni kiwanda cha sukari, kipo pale Kyaka, na vita vilikuwa vimekiharibu. Redio hakuishia hapo. Alichukua hotuba ya vita ya Mwalimu ya Novemba 1978, ile ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, akaigeuza: "Njaa tunayo, sahani tunazo, na nia ya kula tunayo!" Bwalo zima likaitikia, "Ugali!" Kiranja wa chakula akamwandika jina, na Redio akafyeka majani Jumamosi nzima. Wiki iliyofuata kiranja yule yule alimwita pembeni na kumwomba atangaze kifo cha maharage.

Ugali wenyewe ulikuwa wa unga wa msaada, wa njano, na kwa rangi yake tuliuita Yanga. Hapa nimkumbuke kwa kifupi jamaa mmoja Simba wa damu, aliyekula kila siku huku amefumba macho. Hakuacha hata tonge.

Bayi alipewa jina hilo kwa sababu mwanariadha Filbert Bayi alijulikana kwa kutoka mbele tangu mlio wa bastola na kutotazama nyuma. Mwaka ule ule wa 1980 Bayi wa kweli alirudi na medali ya fedha kutoka Moscow, mita 3000 kuruka viunzi, na Suleiman Nyambui akaleta nyingine ya mita 5000, basi shule nzima ikawa inakimbia. Bayi wetu alikimbia mbio moja tu, ya kutoka darasani hadi bwaloni. Kengele ikigonga mara ya kwanza yeye yuko mlangoni. Ikigonga mara ya pili tayari ameshika sahani na anapumua kwa utulivu, kama mtu aliyezaliwa pale. Mwalimu wa michezo akamwona, akafurahi, akampanga kwenye mashindano ya shule za mkoa. Bayi akamaliza wa mwisho. Alipoulizwa, alisema hakuona sababu: mwisho wa uwanja hapakuwa na kitu.

Mswahili alitoka Tanga kwa waranti ya serikali, treni na meli ya MV Victoria, akafika akiwa na kanzu moja, mkeka na dharau kubwa. Aliona hatujui Kiswahili, hatujui kupika wali na tunatafuna kahawa badala ya kuinywa. Novemba ikaja, na senene. Sisi wa huku tulitoka usiku na foronya za mito kuwakusanya chini ya taa, tukawachambua mbawa na miguu, tukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Mswahili alisimama mlangoni amejifunga shuka.

"Ati nyie mwala panzi?"

"Si panzi, ndugu yangu. Senene."

"Panzi ni panzi tu, hata umwite shehe."

Sikumbuki nani alimshawishi kuonja. Nakumbuka tu kwamba kufika kidato cha tatu hakuna aliyemtangulia chini ya taa, na foronya yake ilikuwa kubwa kuliko zote kwa sababu alikuwa ameshona mbili pamoja. Likizo moja alibeba kopo zima hadi Tanga kumpelekea mama yake. Mama akamwaga lote kwa kuku. Alivyotusimulia alikuwa na uchungu wa kweli, na katika bweni la watoto wa Kihaya alipata pole nyingi kuliko aliyefiwa.

Sasa Kamanda. Kwao ni upande wa Kyaka, na alikuja na mkebe wa maganda ya risasi aliouweka chini ya mto. Muhula wa kwanza alitusimulia jinsi alivyokimbia na bibi yake na mbuzi wawili majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, wakalala porini. Hadithi nzuri, na naamini ilikuwa ya kweli. Tatizo tuliisikiliza kwa hamu mno. Muhula wa pili mbuzi wakatoweka na bibi akapungua. Kidato cha pili Kamanda alikuwa amewaonyesha askari wetu njia. Kidato cha tatu alikuwa karibu kabisa na daraja la Kyaka lilipolipuliwa, na alikuwa na maoni yake kuhusu ubora wa kazi ile. Alijua kuigiza mlio wa saba saba, ile mizinga ya roketi, mpaka wadogo wa kidato cha kwanza wakaingia chini ya vitanda.

Shule ilikuwa na mlinzi, mzee kiasi, aliyekwenda vitani akiwa mgambo na kurudi. Jioni moja alisimama dirishani na rungu lake, akasikiliza hadithi yote, mizinga na kila kitu. Kamanda alipotulia kumeza mate, mzee akauliza kwa adabu:

"Afande, hapo mlikuwa wangapi?"

"Wachache, mzee."

"Ahaa. Maana sisi tulikuwa wengi, na hatukukuona."

Hapo ndipo jina lilipotoka, na kwenye kundi nimeshinda hoja hiyo, kwani nilikuwapo. Mzee hakumfanyia ubaya. Tangu siku ile alimpigia saluti kila walipokutana, na Kamanda akaipokea.

Nimemwacha Mhujumu mwisho kwa sababu ndiye aliyenilisha. Alikata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vyembamba mpaka unaweza kuona mwanga upande wa pili, akakopesha na kuandika katika daftari la hesabu. Dawa ya meno aliuza kwa kubonyeza mara moja juu ya mswaki wako. Alikotoa vitu hivyo hatukuuliza. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na asiyemnunulia alifulia majani ya mpapai.

Machi 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanza msako wa wahujumu uchumi. Redioni kila siku ni watu waliokamatwa na bidhaa walizoficha, na wengine wakizitupa maporini usiku. Mkuu wa shule akahutubia paredi na kusema wahujumu wako kila mahali, hata pale tusipowadhania. Alikuwa anamlenga mpishi. Mhujumu wetu akakauka.

Usiku ule alipita kitanda kwa kitanda akigawa kila kitu bure, akitusihi tutumie kabla hakujakucha, kisha akachoma daftari la madeni nyuma ya choo. Saa kumi alfajiri bweni zima lilikuwa bombani. Tuliogea sabuni nzima nzima, tukafua mashuka, tukafua hata mkeka wa Mswahili. Mwalimu wa zamu alipoingia asubuhi alisimama katikati, akanusa.

"Leo kuna nini humu? Mnanukia kama harusi."

Hakuna aliyejibu. Redio aliinamisha uso na mabega yakitikisika. Hakukamatwa mtu, na baada ya wiki chache Mhujumu alipojaribu kukumbuka nani alidaiwa nini, bweni lote lilipoteza kumbukumbu kwa pamoja.

Nilikuja kumkuta Kariakoo mwaka 1986, Rais ni Mzee Mwinyi, ruksa ya biashara imejaa mji. Alikuwa na rundo la mitumba mchana kweupe, halali kabisa, na bado alitaja bei kwa kuninong'oneza sikioni huku akitazama begani.

"Wewe bwana, siku hizi ruksa," nikamwambia.

"Najua," akanong'ona. "Lakini bei ya kunong'onezwa hailalamikiwi."