Pipa la Barafu Uani: Nilivyojiandaa kwa Mawimbi ya Baridi

Kilo 20 za barafu kwa lita 100 za maji ya bomba. Hicho ndicho kipimo nilichokipata baada ya wiki nzima ya kujaribu, uani kwetu Tanga, ili maji yashuke kutoka nyuzi joto 28 hadi 10. Barafu nilikuwa naifuata alfajiri soko la samaki la Deep Sea, kabla wachuuzi hawajaimaliza kwenye matenga yao. Nikiifikisha nyumbani naivunja kwa nyundo ndani ya gunia, naimimina kwenye pipa la plastiki, nangoja kidogo, kisha naingia hadi shingoni.

Nieleze ilikuwaje. Mimi ni fundi wa boti za faiba, na nimekulia Pangani kwa babu yangu mvuvi, karibu na mlango wa mto. Kusi likivuma, mawimbi huvunjika pale kwenye fungu la mchanga, na sisi watoto tulikuwa tunayapanda kwa kifua juu ya vipande vya mbao za ngalawa chakavu. Nilipojua faiba nikajitengenezea ubao wangu, nikaanza kuyapanda nikiwa nimesimama juu yake. Tanga mjini mawimbi ya namna hiyo hayafiki. Kisiwa cha Pemba kimekaa mbele yetu na kuyakinga, kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikiteremka Pangani kufuata kusi.

Dada yangu ameolewa Kanada, kwenye Kisiwa cha Vancouver. Mumewe na rafiki zake wawili hukodi ndege ndogo ya kutua majini kila Oktoba, wakaenda kupiga kambi pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Nootka, mahali pasipo na barabara, ili wateleze kwenye mawimbi yanayosukumwa na dhoruba za Ghuba ya Alaska. Siku moja dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, shemeji yako anasema kuna nafasi ya mtu mmoja. Ila maji ni nyuzi 11, na hospitali iko mbali. Usikubali kwa kunifurahisha."

Nilikubali siku ileile. Habari za nauli na viza ni ndefu na hazina ladha: niliweka akiba miaka mitatu na nikauza boti niliyokuwa nimejiundia mwenyewe.

Hofu yangu ilikuwa baridi. Nilidhani maji ya namna ile humuua mtu kwa kumgandisha polepole, kumbe hatari ya kwanza huja ndani ya dakika moja. Ngozi ikipoa ghafla, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kisha anahema mfululizo. Kama wakati huo kichwa kiko chini ya wimbi, pumzi ile inavuta maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba hufundisha kwa namba tatu: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Namba hizo ni za mtu asiye na vazi la kumkinga. Niliziandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Naye mtafiti Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ameonyesha kwamba ukiingia maji baridi mara tano au sita tu, dakika mbili au tatu kila mara, mshtuko ule hupungua. Niliposoma hilo ndipo nikafikiria pipa.

Kwanza nilipimwa moyo na presha, maana mwenye tatizo la moyo hatakiwi kabisa kufanya hivi. Pili, sikuingia hata mara moja nikiwa peke yangu. Mdogo wangu wa mwisho, wa darasa la saba, alikaa kwenye kigoda na saa mkononi, na mama alikuwa pale pale jikoni.

Siku ya kwanza nilimaliza sekunde 20. Kifua kilibana, pumzi zikaja fupi fupi, na mdogo wangu akaniambia, "Kaka, midomo yako inatetemeka, toka." Nikatoka. Siku ya tatu nikagundua kwamba nahangaika kuvuta pumzi wakati kazi yenyewe ni kuitoa. Nikaanza kupuliza taratibu, kama mtu anayepoza chai kwenye kisahani, na nikaacha kifua kivute chenyewe. Ukipuliza mara nane au kumi hivi, mwili unakubali. Maumivu ya vidole hayaondoki, lakini kichwa kinarudi kwako. Kufikia mara ya saba nilikuwa nakaa dakika tatu huku nikimhesabia mdogo wangu jedwali la saba. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alichukue kwangu, ni hili la kutoa pumzi.

Suti ya mpira shemeji alinitumia: unene wa milimita 5, kofia yake, glavu na viatu. Mpira wake una vipovu vya gesi ndani, na hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoke. Niliivaa ufukweni Raskazone, hapa hapa Tanga, kabla jua halijachomoza nikapiga makasia ya mikono juu ya ubao. Baada ya dakika 10 nilikuwa natiririka jasho, lakini nilijifunza jambo: mabega huchoka mapema kwa sababu kila mkono unavuta mpira pamoja na maji. Nikafanya hivyo wiki sita.

Ndege ilikuwa aina ya Beaver ya de Havilland, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1947 na kuacha kuundwa 1967, na bado inategemewa kule. Badala ya magurudumu ina maboya mawili. Rubani alitupima kwenye mizani sisi, mbao, hema, hadi mfuko wa mchele niliotoka nao nyumbani. Chakula tulibeba cha siku mbili zaidi ya mpango, maana ukungu ukishuka ndege haiji. Kisiwa kile ni cha Wamowachaht/Muchalaht na Wanuchatlaht, watu waliokuwapo zamani kabla nahodha Mwingereza James Cook hajatia nanga kwenye ghuba ya Nootka mwaka 1778. Usiku chakula tulikitundika juu ya mti, mbali na hema, kwa ajili ya dubu.

Asubuhi wenzangu walikuwa tayari wamevaa. Mimi nilimwomba shemeji anipe muda. Babu alinifundisha kwamba bahari usiyoijua huiingii, unaikalia kwanza. Nikakaa juu ya gogo nusu saa. Bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) yapo kule kama kwetu, lakini kupwa kwake ni tofauti: Tanga maji hupwa mara mbili kwa siku karibu sawasawa, kule kupwa kumoja kunashuka mno na kwingine kidogo tu. Niliona mawimbi yanakuja kwa makundi, matano au sita, kisha panatulia. Niliona pia sehemu isiyo na povu, karibu na mwani mkubwa ambao mashina yake yanaweza kuzidi mita 20. Pale ndipo maji yanaporudi baharini, na pale ndipo pa kupitia kuyafuata mawimbi.

Wimbi la kwanza lilinifunika. Baridi ilinikamata paji la uso kama koleo, na kifua kikataka kuvuta. Nilikuwa chini ya maji. Nikapuliza, polepole, nikauona uani wetu na kigoda cha mdogo wangu. Nilipoibuka nilikuwa natoa pumzi bado.

Nilikosa mawimbi manne. La tano lilinichukua kutoka pembeni mwa mwani hadi kwenye kokoto za ufukweni, na nililia ndani ya ile kofia ya mpira, nikimkumbuka babu ambaye hakuwahi kupata ubao wa kusimamia. Shemeji alinikumbatia bila kusema neno.

Ukungu ulituzuia siku moja zaidi. Tulimaliza mchele, tukanywa chai ya tangawizi, na vidole vyangu vya miguu vilichukua karibu saa mbili kurudi kawaida kila tulipotoka majini.

Suti nimerudi nayo Tanga. Nimeisuuza kwa maji ya bomba na kuitundika chumbani, kwa sababu mpira ule hauvumilii jua letu. Juzi nimemkuta mdogo wangu kaivaa mbele ya kioo. Mikono inamtosha tayari, miguu bado.